Bwana Msa Hakutuacha Njiani: Maisha ya Muhammed Said Abdulla

Kila hosteli ya chuo ina kikao chake cha upelelezi. Hakina mwenyekiti wala ajenda, lakini kinaanza mara tu tamthilia mpya ya mauaji, au ya mtu aliyepotea, inapoingia kwenye flashi ya mtu. Saa sita usiku watu sita wamebanana kwenye kitanda kimoja, kompyuta iko juu ya ndoo, na kila mmoja ana nadharia yake. Huyu anasema muuaji ni daktari kwa sababu alishika glasi kwa mkono wa kushoto. Yule anasema hakuna aliyeuawa, wote wamo ndotoni. Asubuhi mjadala unahamia kwenye foleni ya chai, na mhadhara wa saa mbili unaliwa na usingizi.

Halafu msimu unaisha na hakuna kilichojibiwa. Mlango unafunguka, uso unaonekana nusu, giza. Subirini mwakani. Hapo utasikia lawama za kila aina. Sisi wa Ileje peke yetu tuna Kindali, Kilambya na Kimalila za kulalamikia, na usiku huo zote hutumika.

Uchungu huu si wa kizazi chetu tu. Mwaka 1990 Wamarekani walikuwa wanaulizana nani kamuua Laura Palmer katika tamthilia ya Twin Peaks. Waandishi wake hawakutaka kulijibu swali hilo mapema, kituo cha televisheni kikawasukuma, jibu likatolewa msimu wa pili, watazamaji wakapungua na mwaka 1991 tamthilia ikakatishwa. Lost ilianza Septemba 2004 ikaisha Mei 2010 baada ya misimu sita, na hadi leo kuna watu wanaobishana kama abiria wa ile ndege walikuwa wamekufa tangu mwanzo.

Tunaumia kwa sababu hadithi ya fumbo ni mkataba. Mtunzi anakuambia: nipe muda wako na akili yako, nami nitakuwekea dalili zote mbele ya macho, na mwishoni fundo litafunguka. Akilifungua, hata kama ulikosea, unacheka na kujipiga paji la uso. Asipolifungua, unajiona umetapeliwa.

Sasa, wana chuo wenzangu, Kiswahili kina mzee aliyeuheshimu mkataba huo kwa zaidi ya miaka 20. Wengi wetu tulikutana na jina lake shuleni, tukajibu maswali ya mtihani, tukamwacha huko. Ni Muhammed Said Abdulla, baba wa Bwana Msa.

Mtoto wa Makunduchi

Alizaliwa tarehe 25 Aprili 1918 Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Ndiko kunakofanyika sherehe za Mwaka Kogwa, ambapo watu hupigana kwa makuti na magomba ya migomba ili kumaliza chuki za mwaka uliopita, na kibanda huchomwa moto. Ni sehemu ambayo Uislamu na mila za kale za mizimu vimeishi jirani kwa karne nyingi. Mtoto anayekulia pale anasikia mapema kwamba kuna mahali hapapitwi ovyo, kuna mti haukatwi, na kuna pango linapelekewa ubani. Hayo yote tutayakuta baadaye vitabuni mwake.

Alisoma shule ya wamisionari na kumaliza mwaka 1938, akiwa na umri wa miaka 20. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya ukaguzi katika Idara ya Afya. Tuitazame kidogo kazi hiyo. Mkaguzi wa afya anaingia kwenye nyumba za watu, anatazama choo, kisima, jiko na uchochoro. Watu wanasema mtoto amepatwa na jambo, yeye anauliza maji yanachotwa wapi. Ukitaka kumfundisha mtu kuwa mtunzi wa hadithi za upelelezi, sijui kama kuna shule nzuri kuliko hiyo. Unajifunza kwamba kila nyumba ina mlango wa mbele na mlango wa nyuma, na kwamba yanayosemwa sebuleni na yaliyoko uani mara nyingi hayafanani.

Miaka ya magazeti

Mwaka 1948 akaacha ukaguzi na kuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika miaka kumi iliyofuata alikuwa mhariri msaidizi katika magazeti ya Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Hiyo haikuwa miaka ya utulivu Zanzibar. Vyama vilikuwa vinazaliwa, watu wakigawanyika kwa asili zao, na kila kundi lilikuwa na gazeti la kulisemea. Al Falaq lilikuwa sauti ya Jumuiya ya Waarabu. Afrika Kwetu lilisimama upande wa Waafrika. Mtu aliyekaa kwenye meza za magazeti hayo mawili alilisoma tukio moja likisimuliwa kwa namna mbili zisizopatana hata kidogo.

Kwa mhariri, hapo pana somo kubwa. Akishaona habari moja ikivaa kanzu mbili, hawezi tena kumwamini shahidi kwa sababu tu ana sauti kubwa. Anajifunza kuuliza: huyu aliona mwenyewe au alisikia? Alikuwa wapi saa ile? Anafaidika nini tukimwamini? Maswali hayohayo ndiyo baadaye alimpa Bwana Msa ayaulize.

Mwaka 1958 akawa mhariri wa Mkulima, jarida la kilimo. Alikaa hapo miaka kumi, mpaka alipostaafu mwaka 1968. Yaani mtu aliyewafanya Waswahili wengi walale wakiwa na taa inawaka alikuwa, mchana, akihariri habari za mashamba. Hakuwa na studio wala timu ya waandishi, na hakuna kampuni iliyokuwa inamsubiri na hundi ili aongeze msimu mwingine. Alikuwa mfanyakazi wa ofisi mwenye kalamu na jioni zake.

Mzimu na maiti

Mwaka 1957 na 1958 Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki iliendesha mashindano ya kuandika hadithi kwa Kiswahili. Hadithi iliyoshika nafasi ya kwanza iliitwa Mzimu wa Watu wa Kale. Ilitoka kama kitabu mwaka 1960, na ndani yake alikuwamo mtu mpya kabisa katika fasihi yetu: mpelelezi asiye askari, mvuta kiko, mwenye subira na ulimi wa taratibu, aitwaye Bwana Msa.

Jina lenyewe ni dalili ya kwanza, na imekaa wazi kwenye jalada. Chukua herufi za mwanzo za majina matatu ya mtunzi, Muhammed, Said na Abdulla, uone zinasomekaje. Mtunzi alijiweka ndani ya kitabu mbele ya macho ya kila mtu, na hakumficha mtu chochote.

Bwana Msa hatembei peke yake. Ana rafiki, Najum, ambaye anaona vitu vyote anavyoviona Bwana Msa lakini haviungi. Kuna na Inspekta Seif wa polisi, mwenye sheria na madaraka mkononi. Ukisoma, wewe ni Najum. Unasimama pale pale, unasikia maneno yaleyale, unashika kitu kilekile, halafu mwishoni unagundua ulikuwa umefumba jicho moja.

Katika hadithi hiyo ya kwanza anauawa mwenye mali aitwaye Bwana Ali, na maiti yake inakutwa kwenye mzimu. Sitakutajia muuaji, kwa sababu kumwaga siri ya kitabu ni tabia mbaya hata kama kitabu kina zaidi ya miaka 60. Ila tazama mtunzi alivyolitega swali. Maiti haikukutwa barabarani wala sokoni. Imekutwa mahali panapoogopwa. Na hofu ya mahali ina kazi yake: inaweza kuwafanya watu wafunge kesi kabla haijafunguliwa. Mzimu umemchukua, basi. Nani ataenda kuuhoji mzimu?

Bwana Msa anaenda. Haukejeli mzimu wala hawatukani wanaouamini. Anachofanya ni kuuliza maswali ya mtu mzima: nani alikuwa na sababu, nani alikuwa na nafasi, na nani anafaidika sote tukiuogopa mzimu. Akimaliza kuuliza, kinachobaki ni mkono wa binadamu.

Sherlock Holmes na Bwana Msa

Wasomi wengi wamesema kwamba Bwana Msa na Najum wamefuata nyayo za Sherlock Holmes na Daktari Watson, na ukitazama kile kiko huwezi kubisha. Lakini tuwalinganishe waliowaumba, maana hapo pana jambo linalotuhusu sisi mashabiki.

Arthur Conan Doyle, daktari aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1859, alimchoka Holmes mapema. Desemba 1893 akamtumbukiza kwenye maporomoko ya maji huko Uswisi, akadhani amepumzika. Wasomaji walikasirika kama sisi tunavyokasirika tamthilia ikikatishwa. Walimwandikia barua za hasira, na wengi waliacha kulinunua jarida la Strand lililokuwa linachapa hadithi hizo. Mwaka 1901 akawatolea hadithi nyingine ya Holmes, lakini ya tukio lililotokea kabla ya kifo. Haikutosha. Mwaka 1903 akakubali yaishe, akamfufua, akaeleza kwamba hakuanguka kabisa. Tangu wakati huo hadi leo kuna vikundi vya watu wazima, wenye shahada zao, wanaobishana Watson alijeruhiwa begani au mguuni, kwa sababu Doyle mwenyewe aliandika yote mawili.

Kilicho cha ajabu zaidi ni kwamba aliyeumba akili kavu kama Holmes alizimaliza siku zake akihubiri kwamba watu huzungumza na roho za wafu. Safari yake ya mwaka 1928 na 1929 ilimpitisha Afrika Kusini, Rhodesia na kumfikisha mpaka Kenya, na kilichomleta kilikuwa ni kueneza imani hiyo. Alikufa Julai 1930. Kwa hiyo Mwingereza aliyetoka nchi ya maabara na magari moshi alikuja Afrika kutueleza habari za mizimu, na miaka 30 baadaye kijana wa Makunduchi, aliyekua jirani na mizimu, akaandika kitabu cha kutuambia tutafute alama za viatu. Wanaopenda kusema kwamba akili ya ushahidi ni kitu cha kuazima kutoka Ulaya wakilifikirie hilo.

Miaka minane ya kusubiri

Baada ya 1960 Bwana Msa alikaa kimya miaka minane. Sisi tukisubiri miezi 18 kwa msimu mwingine tunaona tumeonewa. Katikati ya kimya hicho Zanzibar ilipata uhuru Desemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 ikaja Mapinduzi. Watu walikufa, wengine walikimbia nchi, mashamba yakabadilisha wenyewe, na Aprili mwaka huohuo Muungano ukaundwa. Dunia ya mabwana wenye mashamba ya mikarafuu, iliyokuwa jukwaa la hadithi zake, ilikwisha.

Mwaka 1968, mwaka aliostaafu kwenye Mkulima, kikatoka Kisima cha Giningi. Giningi ni jina ambalo Unguja watu hulihusisha na wachawi na vikao vyao. Kwa mara nyingine mtunzi amechukua jina la kutisha na kulibandika mlangoni, kisha akamtuma Bwana Msa aingie ndani na kuhesabu vitu vilivyomo.

Halafu milango ikafunguka. Duniani Kuna Watu ilitoka 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976. Vitabu vinne kwa miaka minne, vya mtu aliyeingia miaka ya 50 na ushee. Wakati huohuo bara kulikuwa kumechemka. Faraji Katalambulla alikwishatoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na mwaka 1974 Elvis Musiba akatoa Kufa na Kupona, ambamo Willy Gamba anapigana, anaendesha magari na kuvuka mipaka. Vijana wa Dar es Salaam walipenda mwendo. Bwana Msa hakukimbia. Aliendelea kukaa kwenye kiti, kujaza kiko na kuuliza nani alikuwa mama yake nani. Maana mafumbo ya Muhammed Said Abdulla mengi yamejificha kwenye nasaba: ndoa za siri, watoto waliolelewa na wasiowazaa, mali ya urithi, jambo lililofanyika miaka mingi nyuma ambalo limeamka leo na kuuma mtu.

Kila kimoja cha vitabu hivyo kinaanza, kinafunga fundo, kinalifungua, kinaisha. Hapo ndipo penye tofauti na tamthilia zetu. Msomaji wa 1973 aliyependa Bwana Msa alikuwa na hamu ya kitabu kingine, lakini hakuwa na deni la kitabu kilichopita. Tamthilia inayolipwa kwa misimu ina sababu ya kibiashara ya kutokujibu, kwa kuwa siku itakapojibu, mtazamaji atazima. Hata hadithi za magazetini, zile zilizokuwa zinakatwa mtu akiwa ameinua panga na kuandikwa itaendelea, ziliendeshwa na hesabu hiyohiyo ya kuuza toleo la wiki ijayo. Muhammed Said Abdulla alituuzia kitabu kizima.

Lawama

Hakukosa wa kumlaumu. Miaka ya 1970 ilikuwa ya Azimio la Arusha, na wahakiki wengi wa vyuo vikuu walitaka fasihi inayowaamsha wakulima na wafanyakazi. Hadithi za upelelezi zilionekana kama peremende: tamu, haina lishe. Tena hadithi zake zimebaki kwenye Unguja ya kabla ya Mapinduzi, na kwa miaka hiyo huo ulikuwa upungufu mkubwa. Anaandika mauaji ya mwenye mali, walisema, lakini haandiki mali ilipatikanaje.

Lawama hiyo ina uzito, na msomaji wa leo ataona kwamba watumishi na vibarua kwenye vitabu hivyo hawapewi nafasi kubwa ya kusema. Lakini wahakiki hao hawakuitazama kazi moja ambayo vitabu hivi vilikuwa vinaifanya kimyakimya. Vilikuwa vinamfundisha kijana wa darasani, aliyelazimishwa kuvisoma kwa ajili ya mtihani, namna ya kutokubali jibu la kwanza.

Nadharia ya hosteli na nadharia ya kijijini

Naandika haya nikiwa mtu wa Ibaba, milimani Ileje, katika mkoa ambao ulizaliwa 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya. Kwa hiyo niruhusuni niilete hadithi nyumbani.

Nadharia za hosteli ni tamu kwa sababu hazimdhuru mtu. Ukisema daktari ndiye muuaji na ukakosea, daktari ni mwigizaji, kesho yuko kwenye tangazo la sabuni. Lakini angalia tunavyozitengeneza. Tunachagua dalili zinazotupendeza na kuziacha zisizotupendeza. Mfano upo kwenye maisha ya huyu mzee mwenyewe. Alizaliwa 1918, akamaliza shule 1938, akaingia magazetini 1948, akaenda Mkulima 1958, akastaafu 1968. Mpe shabiki wa kweli wa tamthilia orodha hiyo, atakuambia namba nane ina siri. Haina. Nimeipata kwa kuificha miaka ya 1960, 1973, 1974, 1975, 1976 na 1984. Ukiruhusiwa kuficha, unaweza kuthibitisha kitu chochote.

Sasa toa tabia hiyo hosteli, ipeleke kijijini. Mtu mwenye afya anakufa ghafla. Ng'ombe wanakufa watatu kwa wiki. Mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani anachanganyikiwa. Watu wanakaa kikao, kila mmoja ana nadharia, na dalili zinaokotwa: bibi fulani hakuja msibani siku ya kwanza, au alikuja mapema mno. Alimwangalia marehemu vibaya sokoni. Macho yake ni mekundu. Hapo hakuna mwigizaji. Kanda ya Ziwa bibi zetu wameuawa kwa ushahidi wa macho mekundu, wakati macho hayo yamepakwa rangi na moshi wa jiko waliloinamia miaka 50. Mkaguzi wa afya angeingia jikoni kwanza.

Na sisi wa Songwe tusiwanyooshee kidole watu wa Ziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mbozi ilijulikana nchi nzima kwa mauaji ya kuchuna watu ngozi, biashara iliyosimama juu ya imani kwamba ngozi ya binadamu inaleta mali. Ndugu zetu wenye ualbino nao wamewindwa kwa nadharia ya namna hiyo. Sheria ya uchawi tunayo tangu 1928, na mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ramli chonganishi zilikuwa zinaua. Sheria zipo. Kinachokosekana kwenye kile kikao cha msibani ni mtu mmoja wa kuuliza taratibu, bila kumdharau mfiwa: nani aliona? Shamba la marehemu linabaki kwa nani? Huyu bibi akifukuzwa, kiwanja chake atakilima nani?

Mara nyingi ukiuliza hilo la kiwanja, watu wanatazama chini. Ni mambo yaleyale ya Bwana Msa: urithi, ndoa, mipaka ya shamba, wivu wa ndugu. Mzimu unawekwa mbele, na nyuma yake kuna mtu anayehesabu mali.

Na mtu huyo wa kuuliza anaweza kuwa nani kama si yule aliyetoka chuoni kuja likizo? Tunapofika nyumbani tunapewa kigoda cha heshima, tunaulizwa habari za mjini, halafu likija jambo kama hilo tunanyamaza kwa sababu tunaogopa kuonekana tumesoma tukadharau wazee. Bwana Msa anatuonyesha kwamba si lazima uchague moja. Anaingia na shikamoo, anakunywa kahawa, anasikiliza habari za mzimu mpaka mwisho, anaitikia kwa adabu. Kisha anauliza swali lake. Ustaarabu wa Unguja na ukali wa akili vinakaa kwenye kanzu moja.

Kitabu cha mwisho

Baada ya 1976 tulisubiri tena miaka minane. Mwaka 1984, mtunzi akiwa na umri wa miaka 66, kikatoka Kosa la Bwana Msa. Fikiria ujasiri wa kuandika jina hilo kwenye jalada. Mashabiki wamempenda mtu huyu kwa sababu hakosei, na baba yake mwenyewe anawaambia mlangoni kwamba lipo kosa, na ni la kwake. Watunzi wengi wa tamthilia wakiona mashabiki wanamwabudu mpelelezi humfanya mungu mdogo, anayejua kila kitu kwa kunusa. Muhammed Said Abdulla alikwenda njia nyingine. Na ni sawa, kwa sababu anayedai ushahidi kwa wengine lazima akubali kupimwa kwa kipimo hichohicho.

Alifariki mwaka 1991. Alituachia vitabu saba vya Bwana Msa, mzunguko uliofungwa. Hakuna msimu wa nane unaodaiwa, na hakuna mtu aliyebaki ameinua panga hewani.

Basi kikao cha hosteli yenu kitakapokutana tena, na tamthilia ikawaacha kwenye mataa kama kawaida yake, nendeni maktaba mkaazime Mzimu wa Watu wa Kale. Msomeni kwa zamu, mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize. Mkikaribia mwisho, kabla Bwana Msa hajaanza kueleza, fungeni kitabu. Kila mmoja achukue karatasi aandike jina la mshukiwa wake, na chini yake ushahidi mitatu kutoka ndani ya kitabu, si hisia, si sura ya mtu wala macho yake. Asiyeweza kufikisha mitatu haruhusiwi kutaja jina.

Kisha fungueni kitabu mwendelee. Na sharti hilo la ushahidi mtatu, mkienda likizo, mwende nalo nyumbani.